Upande wa Pili wa Tangazo

9 Februari

Mwanangu Nukta,

Nianze na salamu, maana nikianza na shida zangu utasema shangazi hana adabu. Hamjambo hapo nyumbani? Mkeo kifua kimepona? Mtoto ameota meno mangapi sasa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha ngazi za maktaba kila asubuhi. Baba yako yupo, anakohoa na kulalamika. Siku kaka yangu akiacha kulalamika ndiyo nitaita daktari.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu tunatumia moja mimi na yeye, na kila ninachosema anakisikiliza na kukitolea maoni. Barua hawezi kusoma kwa sababu miwani yake aliikalia.

Maktaba ni ile ile. Paa linavuja juu ya rafu ya historia, kwa hiyo historia yote tumeihamishia kwenye kilimo, na mtu aliyekuja kutafuta mbolea anatoka na vita. Mkutubi mkuu mpya amefika, wa tano tangu nianze kazi. Ni mpole, ana cheti chake, na wiki nzima nimemfundisha ufunguo upi unafungua kabati lipi. Jana alinitambulisha kwa wageni akasema, "Huyu ni msaidizi wangu." Si kosa lake, ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi yangu ya ajira. Miaka ishirini na sita, Nukta, na karatasi ile haijabadilika hata herufi moja.

Sasa jambo lenyewe. Fomu yangu ya ufadhili ilifika? Ulipokuja Desemba uliniletea nakala ya lile tangazo la masomo kwa watumishi wa maktaba, nikajaza kurasa nne kwa mkono, ukazichukua ukazichape na kuzituma kwa kompyuta ya maktaba yenu. Nimesoma tena ile nakala niliyobaki nayo. Pale walipotaka nieleze huduma niliyoianzisha mwenyewe, niliandika habari za Daftari la Maswali, na nilipomaliza nikajishangaa. Kumbe nimefanya kitu. Kwamba hata asiyejua kusoma anaingia maktaba, anauliza, nami naandika swali lake kwa namba, kama alivyolitamka. Natafuta jibu vitabuni, na Alhamisi anakuja kulichukua. Anakuja mwenyewe. Mara moja tu nilimpa jirani ampelekee mama mmoja jibu lake, na mtaa mzima ukaujua ugonjwa wake kabla yake. Tangu hapo jibu halitumwi.

Niliandika pia lile swali la seremala, kwa nini milango yake huvimba wakati wa mvua hata akiikausha vipi. Madaftari yamefika kumi na moja, maswali yamepita elfu mbili.

Sijawahi kuomba kitu tangu niingie kazini. Hiki nimekiomba kwa moyo wangu wote. Wakinichukua nitakaa dawati moja na watoto niliowafundisha kushika kitabu, na wala sitaona haya. Yale mengine niliyojaza pale juu, jina na tarehe na nini, usiyaangalie sana, chapa tu kama yalivyo.

Kibao cha mezani kwangu kinasema kuuliza si ujinga, basi nauliza: wamejibu?

Nakuaga kutoka rafu ya kilimo na vita,
Shangazi yako

3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika siku nyingi. Kuchelewa kujibu ni kosa langu, usiilaumu posta. Kifua cha mke wangu kimepona na anakusalimu. Mtoto ana meno manne na ameshayajaribu yote kwenye bega langu. Mpe baba pole ya kikohozi, na umwambie miwani nitamtumia.

Hapa kazini kuna joto tu. Chumba cha kompyuta feni imekufa, wasomaji wanajipepea na magazeti yetu halafu wanayarudisha yamekunjamana.

Fomu zilitumwa. Mtandao ulisumbua, lakini zilikwenda kabla ya siku ya mwisho. Kuhusu yako bado sijasikia kitu.

Kuna jambo jingine, Shangazi, na sijui nilianzeje. Na mimi niliomba. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nabahatisha, na anayebahatisha hapigi mbiu. Wamenichukua. Ni miezi tisa ya masomo ya ukutubi, na ada, chumba na nauli vyote ni juu yao. Naondoka mwisho wa mwezi huu. Mkuu wangu amenipa mkono mara mbili, na huyu ni mtu ambaye hata salamu huwa anaitikia kwa kidevu.

Usitangaze sana, tafadhali. Nikisikia chochote juu ya yako nitaandika.

Niliyekulia kwenye chumba chako cha kusomea,
Nukta

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kumi juu yake! Umesema nisitangaze. Umechelewa. Barua niliifungulia mezani kwangu, na kelele niliyopiga ilimwamsha mwalimu mstaafu anayelala kwenye gazeti kila asubuhi. Akauliza kuna moto? Nikamwambia hakuna moto, Nukta amepata ufadhili. Fundi cherehani alipiga vigelegele maktabani, na nilikuwa nimeshanyoosha kidole kumnyamazisha, nikakishusha.

Baba yako alisema, "Ni kawaida, si alisoma?" Halafu nikamsikia uani akimweleza jirani, kwa sauti ambayo hata jirani wa pili aliipata.

Nimekumbuka siku niliyokupeleka kwenye usaili wa kazi. Ulivaa viatu vya baba yako, umejaza karatasi mbele, na njia nzima ulikuwa unaniuliza, "Shangazi, wakiniuliza kitu nisichokijua nisemeje?" Nikakwambia useme hujui, lakini unajua pa kutafuta. Wakakuchukua kwa jibu hilo.

Nimekufungia kamusi yangu, ile kubwa yenye gamba la kitambaa nililolishona mwenyewe. Mimi maneno ninayoyahitaji nimeshayajua, wewe ndiye unaanza.

Kuhusu yangu, usijisumbue tena kuulizia. Nimefikiri sana, na kuna kitu kwenye fomu ile ambacho huenda wamekiona. Kama wamekiona, sina la kujitetea. Tuiache.

Nenda ukasome kwa niaba yetu sote.
Shangazi yako, mwenye furaha

6 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti linakupa nafasi ya kupumua, na baba ameipata miwani. Nyumbani kwangu wananiambia mtoto anasimama kwa kushika kiti. Sijamwona akisimama.

Ninakaa chumba cha vitanda viwili, dirisha linatazama tangi la maji. Mwenzangu ni mkutubi wa gereza, mtu wa maneno machache, anakunja blanketi lake kila kona sawa na nyingine. Asubuhi tunasoma namna ya kupanga vitabu kwa namba, mchana tunashona majalada yaliyoachia. Ijumaa tunafundishwa kuandika maombi ya ufadhili. Somo hilo mwalimu amenitumia mimi kuwa mfano. Anasoma maombi yangu mbele ya darasa, nami natazama meza.

Mbele yangu anaketi mama mmoja, msaidizi wa maktaba kama wewe, ana miaka hamsini na mitatu, miwani ameifunga kwa kamba ya kiatu. Yuko kozi fupi, ya miezi mitatu. Anauliza maswali mpaka mwalimu anatafuta kiti. Kila akinyoosha mkono nakuona wewe, na kalamu inanigomea.

Kamusi imefika. Nimeiweka kabatini chini ya nguo. Hukupaswa kunipa, Shangazi. Nasema kweli, hukupaswa.

Nimepata habari kidogo juu ya fomu yako. Nasikia mwaka huu walikuwa wakali sana kwenye umri, mwisho miaka arobaini na tano. Pengine ni hilo. Pole sana. Usijilaumu.

Mwanao,
Nukta

30 Mei

Nukta,

Hatujambo. Mvua imeisha, paa bado. Baba yako amepata miwani, na sasa anasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti, kwa sauti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Mficha uchi hazai, basi niseme, ingawa nadhani uliona ulipokuwa unachapa. Nina miaka hamsini na moja. Kwenye fomu niliandika arobaini na nne.

Nakala uliyonipa ilisema wazi, wasiozidi miaka arobaini na tano. Nilikaa nayo siku tatu. Nikajiambia, nikiwa na miaka sita zaidi ya inayotakiwa, na ishirini na sita ya kazi, nani ananidai sita? Nikaandika ile nne. Mkono wenyewe haukukubali, ilibidi niirudie mara mbili ndiyo isomeke. Mimi niliyemfungia fundi cherehani mwezi mzima asiazime kitabu kwa sababu alibadili tarehe kwenye kadi! Alilia pale mezani, na nilimwambia mtu anayedanganya tarehe atadanganya chochote. Maneno yangu hayo. Sasa nikimwona anaingia nainama kutafuta kitu kwenye droo.

Aibu imenivaa. Nawawazia watu wa ofisi ile wameshika fomu yangu wanacheka, bibi mzima anajipunguzia miaka kama mchumba. Na ninawaza kwamba kama ningesema kweli, labda wangenijibu, "Mama, umri umepita, lakini daftari lako zuri." Hata hilo lingenitosha. Nimejinyima mwenyewe.

Lakini kuna kitu hakijakaa sawa, na unajua kitu kisipokaa sawa kwenye rafu situlii. Katikati ya barua yako kuna mama wa miaka hamsini na mitatu, anasoma hapo hapo kwa ufadhili huo huo. Mwishoni mwa barua kuna watu wanaokataa waliopita arobaini na tano. Hao wawili hawawezi kukaa kwenye barua moja. Huyo mama aliingiaje?

Nijibu, mwanangu.
Shangazi

18 Julai

Nukta,

Nilikuuliza mwezi wa tano. Mwezi wa sita nikasema masomo yamekubana. Mwezi wa saba nimepata jibu, na halikutoka kwako.

Jumatatu lilikuja jarida la hao wafadhili wako, nakala mbili, linatumwa kila maktaba. Nililifungua, nikaligonga mhuri, nikaandika namba, nikaliweka kwenye meza ya magazeti. Ndiyo kazi yangu. Picha yako iko ukurasa wa sita, umevaa lile shati la bluu. Nilisema nitalisoma nikishakunywa chai, nilifaidi vizuri.

Seremala alinitangulia. Alikuja mezani kwangu na jarida limefunguliwa, kidole amekibana katikati.

"Mama Majibu," akasema, "huu mlango si wangu?"

"Mlango upi?"

"Huu hapa wa kwenye karatasi. Unaovimba. Nimeambiwa nipake rangi juu na chini, mahali pasipoonekana, kwa sababu maji yanaingilia huko. Si wewe uliyeniambia? Si Alhamisi ile nilikuja na mkono umefungwa kitambaa? Sasa hapa wanasema kaniambia mwanao."

Chini ya picha wamechapisha maombi yako. Nikasoma nikiwa nimesimama. Yalikuwa maneno yangu, Nukta. Hukubadilisha hata pale nilipokosea nikaandika "mteja" badala ya "msomaji". Mistari yangu yote, na chini jina lako lote kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Seremala ananitazama. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Lile daftari tulilianzisha pamoja, mimi na yeye." Akasema, "Aa, basi sawa," akaenda zake. Miaka kumi na minne ya Daftari nimekaa nyuma ya meza ile, na hilo ndilo jibu la kwanza la uongo nililompa mtu. Nimempa bure, hata kitabuni sikutafuta.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwaambia wengine. Sikuulizi kitu leo.

Shangazi

1 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Hata kuiandika naona kama nakuomba kitu nisichostahili.

Nitasema yote bila kupaka mafuta.

Desemba nilirudi na fomu yako mkobani. Jumamosi nikaingia kazini peke yangu kuichapa. Yangu nilikuwa nimeshaijaza, na pale kwenye huduma niliyoianzisha niliandika mistari miwili, kwamba tuna kompyuta kumi na saba zinafanya kazi. Nikachapa yako. Nilipofika kwenye Daftari niliacha kuchapa, nikawa nasoma tu. Nilikuwepo miaka yote ile, Shangazi, nikifanya hesabu zangu meza ya pembeni, na sikuwahi kuona kwamba hiyo ni huduma. Niliona ni tabia yako tu, kama unavyoongea na kila mtu.

Halafu nikafika kwenye umri. Nakujua. Nikasema wataugundua uongo, wataikataa fomu, na maneno haya yote yatakwenda kapuni. Nikajiuliza yapotee kwa faida ya nani? Nikafuta jina lako nikaandika langu. Ilichukua muda mfupi sana. Yako sikuituma kabisa. Hakuna mtu aliyecheka fomu yako, kwa sababu hakuna aliyeiona.

Nimeyasema hayo mapema kwa sababu linalofuata ni baya zaidi.

Siku ya pili ya masomo nilimuuliza yule mama wa kamba ya kiatu alivyoingia na umri wake. Akanishangaa. "Si kozi yetu ilikuwa nyuma ya tangazo?" akasema. Tangazo lilikuwa na pande mbili. Mbele ni kozi ndefu, mwisho miaka arobaini na tano. Nyuma ni kozi fupi, kwa watumishi waliozidi miaka hiyo na wenye kazi zaidi ya miaka ishirini, hata wasio na cheti. Limekuandika wewe, imebaki jina tu. Lilikuwa limebandikwa ubaoni kwetu, nikalibandua, nikalitolea nakala upande mmoja, nikakuletea. Sikuligeuza. Mkutubi mzima, sikugeuza karatasi.

Kwa hiyo ile nne haikuwa na haja ya kuandikwa. Na wizi wangu nao haukuwa na haja. Hayo niliyajua kabla ya barua yangu ya mwezi wa tano. Nilijua, na bado nikakuandikia kwamba walikuwa wakali kwenye umri, nikakwambia usijilaumu. Nilitaka ujilaumu, Shangazi, ili usije ukaniuliza mimi. Ukanijibu kwa kunikiri kosa lako, nikaikunja barua nikaiweka chini ya nguo pamoja na kamusi. Tangu siku hiyo kila nikivaa shati nakutana nayo.

Barua yako ya Julai nilipoimaliza nilikwenda kwa mratibu wa masomo, mama mmoja mkali asiyetabasamu. Nikamweleza mlango umefungwa. Hakuniuliza kwa nini, aliuliza, "Mwenye daftari yuko wapi?" Nikamtajia mji. Akaandika.

Nafasi yangu imeondolewa, naondoka tarehe kumi. Wamemwandikia mkuu wangu, sijui kama kazi nitaikuta. Jarida lijalo litatoa marekebisho, na jina lako litakuwepo. Mke wangu nimemwambia kwa simu. Aliuliza, "Na shangazi unamwambia lini?" Nikasema leo. Natamani ardhi ipasuke, lakini haipasuki, na kengele ya chakula imelia kama kawaida.

Ndani ya bahasha hii kuna tangazo la awamu mpya. Ligeuze. Kozi fupi inapokea maombi mpaka mwisho wa mwezi huu, na si lazima kompyuta, hata posta wanapokea. Nimeacha kila nafasi wazi, sikugusa hata herufi.

Nina swali. Liandike kwenye Daftari kama unavyoandika ya wengine: mtu aliyemwibia aliyemlea, kisha akamwacha ajilaumu peke yake, anaweza kusamehewa?

Nukta

24 Agosti

Nukta,

Marahaba.

Baba yako hajambo. Barua yako alitaka kuisoma, sasa ana miwani. Nikamwambia hii ni ya ofisi. Utamweleza mwenyewe, mimi uongo nimeuacha na ukweli huu si wangu wa kutangaza.

Nimekasirika. Nimepanga rafu ya historia upya yote, peke yangu, nikaishusha na kuipanga tena, na bado nimekasirika. Maneno yangu kuyachukua kuliniuma. Lakini lililonichoma ni ile "pole" yako ya mwezi wa tano. Miezi miwili nimetembea nimeinama kwenye mji wangu. Nimemkwepa fundi cherehani kama ninayedaiwa. Nilikuwa najihurumia na kujichukia kwa zamu, na wewe ulikuwa unajua. Ukiwa baba wa mtoto utakuja kuelewa kwa nini hilo ni zito. Umeshakuwa baba, basi lielewe sasa.

Haya, na mimi nina yangu. Kwamba fomu haikutumwa hakunisafishi. Ile nne niliiandika mimi, kwa kalamu yangu. Nimemwita fundi cherehani, nimemwambia. Akasema, "Mama Majibu, basi mwezi wangu ule mmoja nakudai wewe." Tumekubaliana aazime vitabu vitatu kwa mara moja mpaka Desemba.

Seremala naye nimemrudishia jibu lake. Nilimwambia nilimdanganya, daftari sikulianzisha na mtu. Nilidhani atakutukana. Akafikiri, akasema, "Mwambie huyo kijana, kwenye karatasi amesahau kitu. Chini ya mlango inapakwa mara mbili." Kumbe mimi ndiye niliyesahau kuandika.

Fomu nimejaza. Nimegeuza karatasi kwanza, nikasoma nyuma, nikageuza tena, nikasoma mbele. Umri nimeandika hamsini na moja, na mkono haukurudia. Mkutubi mkuu alitakiwa kusaini, akasoma, akauliza, "Daftari lipi hili?" Miezi saba yuko hapa, hajawahi kuuliza. Nikamtolea yote kumi na moja. Alivuta kiti upande wangu wa meza, akasoma mpaka tukafunga, akasaini. Kesho yake mgeni alipokuja hakusema "msaidizi wangu". Alinitaja jina.

Posta nimekwenda kwa miguu yangu na goti langu. Wakinikataa, nitakuwa nimekataliwa mimi, kwa umri wangu na mwandiko wangu.

Kamusi usiitume, itachanika njiani. Ilete.

Swali lako nimeliandika. Ni namba elfu mbili mia moja na kumi na nane, chini ya mama anayetaka kujua mbona kuku wake wanakula mayai yao. Nimeliandika kama ulivyolitamka, sikurekebisha neno. Kulitafuta nimelitafuta, vitabuni halimo, lakini jibu ninalo.

Kanuni ya meza yangu unaijua. Jibu halitumwi. Alhamisi tunafungua saa mbili asubuhi, na watu huwa wengi, utapanga foleni nyuma ya mama wa kuku.

Shangazi yako,
miaka hamsini na moja